Ipime kazi kabla hujasaini: kwa vijana wa Mwanza

Vijana wanaokuja kuniomba ushauri wakiwa na barua ya kazi huanza na mshahara. Ni haki yao. Lakini mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na wengi ninaowaona wakiondoka na kinyongo ni wale ambao hawakujua zamu ya kesho, au walioachwa meza ileile bila kufundishwa lolote. Kwa hiyo, mdogo wangu, usikimbilie kalamu.

Piga kwanza hesabu ya kinachobaki. Toa makato ya NSSF na kodi, kisha toa nauli. Uliza kama kuna gari la wafanyakazi na linashusha wapi. Binti mmoja, mchapakazi kwelikweli, aliacha kazi kwa sababu usiku gari lilimwacha Mabatini barabarani na kwao ni juu kabisa mlimani, kwenye mawe. Mshahara wake haukuwa na tatizo.

Uliza pia: siku samaki hawajaja, tunalipwa? Kwenye kazi zinazotegemea ziwa swali hili lina uzito kuliko yote, hasa kwa kibarua. Hata dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba hupungua mbalamwezi ikiwaka.

Mkataba usome wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kama hayo hayamo, uliza kwa heshima na usikilize unavyojibiwa.

Halafu nenda getini wakati wa kubadilishana zamu, ukae kwa mama ntilie na wanaotoka. Waulize ratiba inabandikwa lini. Waulize aliyeingia mwaka jana yuko wapi sasa. Waulize msimamizi akikuta kosa anafanyaje, na hapo usiharakishe, sikiliza mpaka mwisho. Kuna msimamizi anayepiga kelele tu, "Haraka! Haraka!" Kuna mwingine anayekushika mkono na kuulaza ubapa wa kisu kwenye mfupa wa mgongo, mpaka usikie ule mkwaruzo mdogo. Ukiusikia, uko sawa. Usipousikia, nyama inabaki kwenye panki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Nimeona kijana aliyekuwa akinuna tangu aanze kazi, siku alipoushika mkwaruzo huo akaanza mwenyewe kuniita nije nione mapanki yake yalivyo meupe. Mshahara ulikuwa uleule.

Mwaka 1959 mtafiti wa Marekani, Frederick Herzberg, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu, alieleza kwamba malipo duni na usimamizi mbovu humchukiza mtu, ila kuridhika hutokana na kazi yenyewe, kutambuliwa na kupanda. Kwenye meza ya minofu naliona hilo kila zamu.

Ukishaingia na kuimudu kazi yako, omba kujifunza nyingine: kupanga madaraja ya minofu, au kuandika kumbukumbu za joto la chumba cha baridi. Omba siku ya samaki wachache, si malori yakiwa yamepanga foleni. Sema wazi, "Naomba nikae na fulani wiki hii nijifunze." Wasimamizi wengi hatukatai, tatizo hatuombwi. Ukikataliwa kila mara bila sababu, anza kutafuta kwingine ukiwa bado kazini.

Nakala ya mkataba na hati za mshahara zihifadhi nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Ukiachishwa isivyo haki, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, siku 60.