Kware Aliyeumia Mguu: Kuamua Matunzo Kabla ya Kufunga Gango

Wafugaji wengi, wakimkuta kware amekunja mguu mmoja na kurukaruka kwa ule mwingine, hukimbilia kijiti na kitambaa. Ningependa mikono itulie kwanza. Kware mkubwa ana uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi, muundi wake ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, na gango lililokazwa kupita kiasi huzuia damu na kuua mguu ambao pengine ungepona kwa kupumzishwa tu.

Mwangalie kwa mbali kabla hujamkamata, kwa sababu si kila kware anayechechemea ameumia. Akilegea miguu yote miwili huku shingo ikipinda, akihara kijani au akihema kwa shida, shuku kideri, ugonjwa wa kuambukiza wa ndege: mtenge papo hapo na umwite afisa mifugo wa kata. Jike anayetaga ambaye ghafla hawezi kusimama huenda yai limemkwama au amepungukiwa na madini ya chokaa mwilini, na kumfunga mguu hakutamsaidia. Vidole vya kifaranga vikijikunja kwa ndani, chunguza chakula chake, kwani upungufu wa vitamini B2 huleta hali hiyo. Mguu mmoja ulioharibika ghafla, kwa ndege ambaye macho yake yako maangavu na bado anadonoa, ndio unaoelekea kuwa na jeraha.

Mkamate jioni mwanga unapofifia, umviringishe kwa kipande cha kanga bila kukaza, miguu ikibaki nje. Usimbane kifua: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kifua kupanuka na kurudi, hivyo kiganja kinachobana kinaweza kumkata pumzi. Anza na mguu mzima ili upate cha kulinganisha, kisha upapase ule unaouma kutoka juu kwenda chini. Hapa Tanga nasisitiza vidole, kwa kuwa nyuzi za katani zimo katika kamba na magunia tunayotumia kila siku, na uzi mmoja uliojizungusha kwenye kidole unaweza kuzama ndani ya uvimbe usionekane. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, washa tochi ya simu, na utafute mfereji mwembamba pale uvimbe unapoanzia. Uinue uzi kwa upande wa tundu la sindano, si kwa ncha, kisha uukate kwa mkasi mdogo wa kucha. Kidole kilichokwisha kuwa cheusi na kikavu mwachie daktari wa mifugo. Kware huishi vizuri tu bila kidole kimoja.

Baada ya ukaguzi huo ndipo uamue. Ikiwa wayo una joto la kawaida, vidole vinashika kidole chako, ngozi haijapasuka na mguu haupindi mahali pasipo na kiungo, matunzo ya nyumbani yanatosha, na matunzo yenyewe ni mapumziko. Mtafutie boksi ambalo anaweza kugeuka ndani yake lakini hawezi kukimbia, ulitandike kitambaa kisichoteleza na maranda juu yake, maji na chakula viwe mdomoni pake, na juu ufunike kwa wavu laini, kwa maana kware akishtuka huruka wima na kujigonga kichwa. Awe peke yake lakini asikie sauti za wenzake. Wakati wa kaskazi usimweke chini ya bati lisilo na dari. Usiku wa baridi mwekee upande mmoja chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ili asogee akitaka na aondoke akitaka. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa manyoya huficha kukonda, na akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mapumziko pekee hayatoshi tena.

Mfupa uliotokeza, mguu wa baridi au uliobadilika rangi, na damu isiyokoma baada ya kuibana kwa kitambaa safi kwa dakika chache, ni mambo ya daktari siku hiyohiyo. Ndege wa gramu 150 ana damu ya vijiko viwili hadi vitatu hivi vya chai mwili mzima. Ikiwa unaishi kijijini Mkinga au Pangani na safari itasubiri kesho, muundi uliovunjika unaweza kuubana kati ya vipande viwili vya plasta ya karatasi vinavyogandana ubavuni, goti na kifundo vikiwa vimekunjwa kidogo kama anavyosimama. Kagua vidole baada ya saa moja, na vikivimba, legeza. Paja usilifunge, kwa sababu limeshikamana na mwili na gango halikai. Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, wala usimpake mafuta yatakayogandisha manyoya. Akipewa dawa na daktari, uliza mayai yake yasiliwe kwa siku ngapi.

Kwa aliyevunjika miguu yote miwili, au ambaye mfupa umetoka na kukauka naye amekataa chakula, naona ni huruma kumwondolea mateso mapema kwa mkono wa mtu anayejua kazi hiyo. Mwenye mguu mmoja nisingemkatia tamaa, maadamu anakula na anajisafisha manyoya. Ila wayo uliobaki hubeba mzigo wote, hivyo utandikie laini na uukague kila wiki usije ukaota kidonda.

Mifupa ya ndege wadogo huunga kwa takriban wiki tatu. Kabla ya kumrudisha, ziba matundu ya wavu wa sakafuni na uondoe kamba za katani bandani, kisha umwingize jioni na ukeshe macho kwa madume, maana ndiyo huwa ya kwanza kumdonoa mgeni.