Namna ya Kuandika Ulivyoguswa na Habari za Mashabiki Wakorofi

Mwanafunzi wa Malindi anayetakiwa kueleza alivyoguswa na habari za fujo za mashabiki na aisome kwanza habari yenyewe kalamu mkononi, akipigia mstari kila aliposhtuka. Kisha atenganishe tukio na hisia. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao wa Juventus kabla ya fainali ya soka ya Kombe la Ulaya, ukuta ukaporomoka na watu 39 wakafariki. Hilo ni tukio. Hasira yako ni jambo jingine, nayo uieleze chanzo chake: je, ni vifo, au ni kwamba mechi ilichezwa jioni ile ile? Ukiandika “nilisikitika” ukaishia hapo, hujasema kitu.

Jihadhari na kulaumu upesi (kwangu hili ndilo kosa kubwa zaidi), kwani katika maafa ya mwaka 1989 ya uwanja wa Hillsborough, Uingereza, ambako mashabiki wa Liverpool walikufa kwa kubanwa na msongamano, mashabiki hao walisingiziwa kwa miaka mingi kwamba ndio waliosababisha, hadi uchunguzi wa mahakama ulipowaondolea lawama mwaka 2016. Hatimaye linganisha na unayoyaona kibandani mnapotazama ligi ya Uingereza: kijana aliyepanda juu ya benchi akimtukania mwenzake mama, huku mwenye kibanda akitishia kuzima televisheni, anastahili sentensi mbili tatu.