Upinde ukague tena ukishafika kambini, sio nyumbani tu

Kamwene wakuu. Msimu uliopita nilimsindikiza mgeni, akapiga tandala dume kwenye mita 25 hivi, mshale ukashuka ukamkwaruza mguu, tukafuata damu mpaka giza likaingia na hatukumpata. Na jamaa ni mlengaji kweli, jana yake mjini alikuwa anapachika mishale kwenye duara la kifuniko cha sufuria. Kuja kuangalia, skrubu ya saiti (kile kidude cha kulengea kwenye upinde) imelegea. Ile barabara ya vumbi ya kushukia Pawaga kule bondeni inafungua mpaka nati za gari, sembuse kaskrubu ka upinde.

Sasa kabla hujatoka Iringa kaza skrubu zote kwa spana ya alenki, halafu azima rangi ya kucha kwa mama watoto, chora kamstari kaanzie kichwa cha skrubu kaishie kwenye upinde. Ukifika ukakuta kamstari kamekatika ujue skrubu imezunguka. Hata kama kako sawa, piga mishale mitatu kwenye gunia la matambara kabla hujaingia porini, saiti inaweza kugongwa na begi la mtu tu.

(Leseni kwanza lakini, na uwaulize TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kama upinde unaruhusiwa kwa mnyama na kitalu unachoenda. Ndani ya Hifadhi ya Ruaha hakuna kuwinda, na mshale wa sumu ni kosa kisheria.)

Kamba: Julai huku juu baridi na ukungu, kule bondeni jua kali, kwa hiyo usiufungie upinde ndani ya gari, joto linavuta kamba na kulegeza gundi. Pitisha pamba kwenye kamba na kwenye mikono ya upinde, pakinasa pana uzi uliokatika au ufa. Kamba kavu pakaa nta. Ile ya kompaundi (upinde wa kisasa wenye puli) usibadilishe kwa nguvu za mikono, ina mashine yake, meno hayanunuliwi.

Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio, ukisikia unalialia vunja kabisa mtu mwingine asije akautumia, maana ukipasuka wakati unaachia unakuingia mkononi.

Kigumba, kile kichwa cha mshale, ndo watu wanadharau kuliko vyote. Mshale unaua kwa kukata mishipa ya damu, kikiwa butu mnyama anaondoka nacho akafie usikokujua. Vuta raba bendi, iguse na wembe wa kigumba, isipokatika palepale noa au badilisha. Na mazoezi ya mwisho fanya na vigumba vyenyewe vya kuwindia, mara nyingi haviendi palepale vinapoenda vile vya mazoezi.

Ikitokea umepiga vibaya, usimkimbilie, kaa nusu saa, ukihisi ni tumbo subiri masaa kadhaa, ukimfukuza anaenda mbali zaidi. Wakati unasubiri shika alenki utafute kilicholegea, mshale wa pili usiutoe kabla hujakiona.