Mzigo Utabebwa na Nani? Mwongozo wa Muuza Vyombo wa Umoja

Kila anayeanza kuuza mtandaoni huniuliza: kampuni gani ya kutuma mizigo ni nzuri? Nami humrudishia swali. Mteja wako yuko wapi, anatoka kazini saa ngapi, na ni nani atakayeuchukua mzigo kama yeye hayupo? Wengi hunyamaza hapo kwa sababu walikuja kutafuta jina. Jina huja mwisho. Kampuni inayomfaa mteja wa Kasarani hapa Nairobi huenda isimfae kabisa mteja wa Kapsabet huko mikoani, na gari linalobeba viatu bila shida linaweza kukurudishia glasi zikiwa vigae.

Mimi huuza vyombo: vikombe vya udongo, seti za glasi, majagi, chupa za chai. Nanunua kwa jumla Kamukunji, nafungia nyumbani mtaa wa Umoja, nauza kwa WhatsApp na Instagram. Karibu kila ninachouza kinavunjika, ndiyo maana nimekuwa mkali. Ukiuza nguo, punguza ukali wangu kwa nusu, lakini utaratibu ushike ule ule: anza na mkono wa mwisho utakaopokea, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwako.

Kwa wateja wa hapa jijini, njia inayopendwa siku hizi ni ya mawakala wa mitaani, na Pickup Mtaani ndilo jina utakalolisikia zaidi. Unaacha mzigo kwa wakala aliye karibu nawe, unapelekwa hadi duka lililo mtaani kwa mteja, naye anaupitia jioni. Ada yake huwa ndogo kuliko ya kumtuma mtu wa pikipiki mpaka mlangoni, na mteja wa Pipeline au Rongai anayefika nyumbani saa mbili usiku hahitaji kuacha mtu akingoja. Ila wakala ni duka la mtu: kinyozi, duka la M-Pesa, duka la vipodozi. Saa za kufunga zinatofautiana, na nafasi ya kuweka mizigo pia. Kabla sijaanza kuelekeza wateja wengi kwa wakala fulani, mimi hwenda kwanza kupatazama. Nikikuta katoni zimerundikwa chini na juu yake kuna mtungi wa gesi, nguo anazouza jirani yangu ziende hapo, glasi zangu haziendi.

Bodaboda ni wa haraka na wa vitu vichache. Ukiagiza kwa programu ya Uber au Bolt, unaliona jina la mwendeshaji na namba ya pikipiki, unafuata safari kwenye simu, na bei unaijua mapema. Ukimtuma boda wa stejini kwenu, unapata faida nyingine: unajua anakolala. Kwa vyombo mimi humpendelea huyo wa stejini, hasa mwenye sanduku lililofungwa vizuri nyuma ya kiti, kwa sababu anajua kesho tutaonana tena. Kumbuka kwamba kaunti imewahi mara kadhaa kuwazuia boda kuingia katikati ya jiji, na kanjo, yaani askari wa kaunti, hawatumi barua kabla ya kukamata pikipiki. Mteja mwenye ofisi Moi Avenue nakubaliana naye mapema: atoke hadi pembeni ya mji, au nimtume mtu wa miguu. Na seti ya sahani za watu kumi na wawili usiipandishe pikipiki hata ukiambiwa haina neno. Tafuta gari.

Mabasi na matatu za masafa

Mizigo yangu mingi ya nje ya Nairobi huenda kwa basi. Mzigo ulioachwa jioni River Road unafika Mombasa asubuhi, maana mabasi ya usiku hukata zile kilomita 480 hivi abiria wakiwa wamelala. Kila upande una watu wake: 2NK kwa Nyeri na Karatina, Mololine kwa Nakuru, North Rift kwa Eldoret na Kitale, Easy Coach kwa Kisumu na Kakamega, Ena Coach kwa Kisii na Migori. Magari ya Garissa na Wajir utayapata Eastleigh.

Hapa ndipo wauzaji wengi huangalia ofisi iliyo karibu nao wenyewe. Mimi humpigia mteja kwanza. "Dada, ukienda mjini unashukia wapi? Unapita ofisi ya gari gani?" Mteja wa Othaya atakwambia mwenyewe ni gari lipi linafika kwao na ni lipi litamlazimu kupanda jingine hadi Nyeri mjini, na nauli hiyo ya kwenda na kurudi ataihesabu kama sehemu ya bei yako, hata asipokwambia.

Ukifika dirishani, usianze na bei. Uliza mzigo utakaa wapi garini. Basi kubwa lina nafasi chini, lakini matatu ya watu 14 haina buti la maana, na mzigo wako unaweza kuishia chini ya kiti cha mtu mwenye buti za mvua au juu ya paa kwenye keria. Uliza ofisi ya upande wa pili inafunga saa ngapi na kama Jumapili ipo wazi. Uliza mteja atatakiwa kuja na nini: kitambulisho peke yake, au na ujumbe wa namba ya mzigo? Uliza mzigo ukikaa siku ngapi ndipo waanze kutoza pesa za kuuweka. Kisha omba namba ya simu ya hiyo ofisi ya kupokelea, si ya makao makuu, na uipige ukiwa bado umesimama pale. Isipopokelewa mchana wa kazi, mzigo usiulipie. Utaihitaji namba hiyo siku ambayo mteja ameshikwa na hasira, na hutakuwa na ya kumpa.

Halafu kuna makanga atakayekuvuta kando: "Mum, nipe mimi soo mbili, naufikisha mwenyewe." Soo mbili hiyo, yaani shilingi 200, haina risiti na haimo kitabuni. Gari likiharibika Naivasha na abiria wakahamishiwa jingine, mzigo wako hauna mwenyewe.

Mteja wa Lamu ana hesabu yake peke yake. Basi linaishia Mokowe, mzigo unaingia botini, ukivuka unapandishwa mkokoteni au punda. Kila mkono unaoongezeka ni nafasi nyingine ya kuanguka. Huyo namfungia katoni ndani ya katoni, na namtaka anipe jina la mtu atakayeupokea Mokowe kabla sijatoa mzigo nyumbani.

Kampuni za vifurushi

G4S, Fargo Courier, Wells Fargo, na EMS ya Posta huwa ghali kuliko matatu kwa njia nyingi, lakini kuna kazi ambayo ni yao. Mteja yuko mahali ambapo hakuna sacco (ushirika wa matatu) ya moja kwa moja. Mteja ni ofisi inayotaka mzigo ufikishwe mapokezi, usainiwe, na ankara iwe ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA. Au bidhaa ina thamani ambayo ikipotea utalala njaa. Hapo lipa.

Kwa sheria, anayefanya biashara ya kubeba vifurushi anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na hilo linahusu pia kampuni za mabasi. Mamlaka huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Ichungulie, hasa ukiletewa kampuni mpya yenye matangazo mengi Facebook na ofisi isiyojulikana iko wapi. Leseni haizuii glasi kuvunjika. Inakupa pa kupeleka malalamiko.

Tena, usifungamane na mmoja. Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo, ilikuwa ikisifiwa mji mzima, na mwaka 2023 ikafunga. Copia, iliyofikisha bidhaa vijijini kwa mawakala, ikakwama mwaka 2024. Kwa kila njia kubwa ninayotumia, nina wa kwanza na wa akiba, na huyo wa akiba mimi humpa mzigo mara moja moja asije akanisahau.

Hesabu ya bei nafuu

Tuchukue seti ya vikombe uliyonunua kwa shilingi 1,400. Msafirishaji wa kwanza anatoza 250, wa pili 400. Tofauti ni 150, na kwa mteja anayebembeleza punguzo hizo ni pesa. Sasa sema wa kwanza huvunja seti moja katika kila kumi, na wa pili havunji. Seti iliyovunjika utailipa mara mbili: 1,400 ya vikombe vipya na 250 ya kutuma tena, jumla 1,650. Igawe kwa mizigo kumi, ni 165 kwa kila mzigo. Yule wa 250 kumbe anakutoza 415. Na hapo sijahesabu mteja aliyeandika chini ya picha zako kwamba unauza vigae.

Hesabu hii huwezi kuifanya bila daftari. Andika njia, aliyebeba, ada, siku ya kutuma, siku ya kufika, na hali ya mzigo. Kumbukumbu ya kichwani humpendelea karani anayecheka nawe.

Ufungaji nao upimwe kabla ya kumlaumu mtu. Mimi hutumia trei za mayai, magazeti ya zamani na vipande vya kadibodi kati ya kila sahani, sahani zikisimama wima. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo iondoe kwenye mawazo. Katoni ngumu ikivalishwa gunia inatosha. Ukimaliza, tikisa. Ukisikia kitu kinagonga, fungua upya. Ukiwa na katoni ya majaribio yenye chombo cha bei ndogo, iachie kutoka kiunoni ianguke sakafuni, maana huko garini ndivyo itakavyoshushwa. Stika nyekundu yenye picha ya glasi sijaona ikimzuia mpakiaji yeyote. Naandika kwa kalamu nene, pande zote: VYOMBO, VINAVUNJIKA.

Chupa ya chai ndiyo yenye hila. Nje inafika iking'aa, ndani kile kioo kimeshapasuka. Kwa hivyo naipendelea ofisi inayomruhusu mteja kufungua na kuitikisa palepale dirishani kabla ya kutia sahihi. Ofisi inayosema "saini kwanza, ukaifungulie nyumbani" haipati chupa zangu.

Kuhusu fidia, soma nyuma ya risiti kabla ya kutuma. Kuna kampuni, sitaitaja, iliyolikataa dai langu kwa sababu malalamiko yalitakiwa ndani ya saa 24, na sharti lenyewe lilikuwa limechapishwa kwa herufi ndogo kama chawa. Uliza mambo matatu: muda wa kulalamika, kiwango cha juu cha fidia usipotangaza thamani ya mzigo, na gharama ya bima ukiitangaza. Piga video fupi ukifunga, na mwombe mteja apige yake akifungua.

Pesa nazo zinaingia katika uchaguzi huu. Mteja anaweza kuutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ya Safaricom akiomba pesa zirudishwe, akidai alikosea namba. Ukiwa na ushahidi kwamba mzigo ulipokelewa kwa kitambulisho na sahihi, una la kusema. Ukiwa ulimpa makanga, huna. Kwa malipo baada ya kupokea, mteja anilipe mimi, boda asubiri mpaka pesa zionekane kwenye simu yangu. Picha ya ujumbe haihesabiki.

Msimu ukibadilika, mpango nao ubadilike. Wiki mbili kabla ya Krismasi mabasi yanabeba watu na mabegi yao, na katoni yako inaachwa hadi gari la kesho, kisha la keshokutwa. Funga oda za mikoani mapema. Mvua za Machi hadi Mei, funika katoni kwa turubai ndani ya gunia. Na ukisikia maandamano yametangazwa, usipange kutuma siku hiyo: Juni 25 na Julai 7 mwaka 2025 barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa. Waambie wateja mapema.

Nje ya nchi nitapita haraka. Kwa Uganda na Tanzania kuna mabasi, lakini kuna forodha pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ila ni kwa vitu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya. Glasi za China zinunuliwazo Kamukunji hazimo. Marekani nayo iliondoa tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi visivyozidi dola 800. Na kampuni za vifurushi vya ndege kama DHL hulipisha ukubwa wa katoni pale unapozidi uzito wake: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Katoni ya sentimita 40 kila upande inahesabiwa kilo 12.8, hata kama vikombe vyako vina kilo tano. Wateja wangu wa ughaibuni mimi huwapigia hesabu hiyo kabla hawajalipa chochote, na wengi huishia kuagiza miko ya mbao.