Tia uzi wa akiba kabla ya kuanza ua jipya
Ukifuma sweta lenye maua, kabla hujaanza ua jipya pitisha uzi wa akiba, yaani uzi wa kushika vitanzi visifumuke zaidi ukikosea, ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Tumia sindano butu ya kushonea na uzi wa pamba, mwembamba, wa rangi tofauti kabisa. Uzi wenye manyoya huacha nyuzinyuzi zake kwenye kazi, na kuzitoa ni taabu. Acha sentimita 15 zining'inie kila upande, la sivyo uzi huo utachomoka. Usiupitishe ndani ya pete za alama (vijipete vinavyowekwa kwenye sindano kuonyesha mahali), maana zitanaswa hapo. Ukikosea, chomoa sindano, fumua hadi kwenye uzi huo, kisha rudisha vitanzi kwa sindano ya kufumia iliyo nyembamba zaidi. Hiyo huingia bila kuvutana. Namba ya mstari iandike mara tu unapotia uzi.