Siku ya roketi za maji: namna tawi la wahandisi wa anga linavyoweza kuiandaa

Kamati ya tawi letu la wahandisi wa anga hapa Pwani ya Kenya ikiketi kupanga shughuli za mwaka, orodha huwa ni ile ile: mhadhara, ziara, na chakula cha jioni ambacho nusu ya wanachama hawaji. Mimi ni fundi wa ndege ndogo na ndiye katibu, kwa hiyo barua zote hupitia kwangu. Katika yote tunayoandaa, linalowafanya walimu wanipigie simu wenyewe kuuliza "lini tena?" ni siku ya roketi za maji kwa shule za sekondari, yaani chupa za soda zinazorushwa juu kwa maji na hewa iliyobanwa kwa pampu. Nitaeleza tunavyoifanya. Nawe ukiwa na tawi Kisumu, Arusha au Lubumbashi, badilisha kinachotaka kubadilishwa.

Kwanza kubalianeni mnashindania nini. Wengi hutoa zawadi kwa roketi iliyopaa juu kuliko zote. Sisi humpa aliyekisia vizuri. Kila timu huandika kwenye karatasi, kabla ya kurusha, roketi yake itafika mita ngapi. Karatasi inakabidhiwa mezani, haiguswi tena. Timu iliyosema 25 ikapata 26 imeishinda ile iliyosema 60 ikapata 41. Ukiweka kanuni hii, siku nzima inabadilika. Vijana wanaacha kukazana na pampu, wanaanza kupima maji kwa kikombe, kupima uzito wa chupa, kubishana juu ya namba. Atakayelalamika ni yule mvulana mwenye mabega mapana aliyekuja kupiga pampu. Mwache alalamike.

Tarehe ichagueni kwa kutazama upepo na kalenda ya shule kwa pamoja. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na hapo mtashinda mkifukuzana na chupa uwanjani. Oktoba na Novemba hewa imetulia lakini kidato cha nne wako kwenye mtihani, na hakuna mwalimu mkuu atakayekusikiliza. Sisi tumetulia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Na anzeni mapema: roketi ya kwanza iruke saa mbili na nusu asubuhi, ya mwisho iwe imetua kufikia saa tano, kwa sababu baada ya hapo upepo wa baharini hauna mswalie Mtume.

Uwanja wa mpira wa shule unatosha, mradi hauna nyaya za umeme pembeni wala barabara nyuma ya goli. Usikubali uwanja ulio chini ya njia ya ndege zinazotua, hata kama mwalimu anakuhakikishia kwamba zinapita mbili tu kwa siku. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu anga ya mahali, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa maandishi, na majibu uyaweke kwenye faili. Sisi tunajiita wahandisi wa anga, kwa hiyo itakuwa aibu kuu kuambiwa na rubani kwamba ameona chupa ya soda dirishani.

Sasa kirushio. Hiki ndicho cha kutengeneza vizuri, kwa sababu kikitengenezwa vizuri kinadumu miaka. Unahitaji bomba la PVC la nusu inchi lililosimama wima katikati ya ubao mzito, na chini yake kiungo cha kona kinachopeleka hewa kwenye mpira. Nenda dukani na chupa mkononi, kwa sababu mabomba yanayoitwa nusu inchi hayalingani. La kwako liingie shingoni mwa chupa kwa kusukuma kidogo. Karibu na kitako cha bomba chonga mfereji mdogo uweke oringi, ile pete ya mpira, ndiyo inayozuia maji yasivuje. Halafu zungusha bomba kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, zikae wima, vichwa vyake viwe juu vikiushika ule ukingo ulio shingoni mwa chupa. Juu ya vichwa hivyo vesha kipande kifupi cha bomba pana, kama la inchi moja na nusu. Kikiwa juu, kinavibana vichwa na chupa haiendi popote. Ukikivuta chini kwa kamba, vichwa vinafunguka na chupa inaondoka. Ni hayo tu.

Valvu mwombe fundi wa matairi, ile ya tairi lisilo na tyubu. Mpira kati ya pampu na kirushio usipungue mita 5, uwe ule wenye nyuzi ndani. Na katikati yake lazima pawe na koki ya kutolea hewa. Watu huiacha koki hii kwa kuona ni gharama ya bure, mpaka siku chupa imejaa presha na kamba imekwama. Hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kuisogelea. Unafungua koki ukiwa mbali, hewa inatoka, ndipo mnakwenda kutazama.

Chupa ziwe za soda, za lita moja na nusu au mbili. Za maji ya kunywa hazifai, ukuta wake ni mwembamba na hazikuundwa kubeba gesi. Kumbi za harusi zitakupa gunia zima ukiwahi Jumapili asubuhi. Mimi huzikagua kila moja kwa kuishika juani na kuizungusha taratibu, kama ninavyokagua kioo cha ndege: mstari mweupe uliokunjika, kovu, au sehemu yenye ukungu usiosafishika, hiyo inakwenda kwenye taka. Zilizobaki tunazijaribu. Jaza chupa maji mpaka pomoni, ifunge kwenye kirushio, pampu hadi geji isome psi 90, subiri dakika moja. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa ikipasuka utalowa tu. Iliyopita tunaiwekea alama ya kalamu nyekundu. Siku yenyewe hakuna anayevuka psi 60, kama bar 4, na pampu inashikwa na mwanachama, si mwanafunzi. Chupa zikae kivulini; usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usiruhusu gundi ya moto iguse ukuta wake. Joto huilegeza plastiki.

Mapezi matatu au manne yatoke kwenye bango la zamani la plastiki, lile lenye vimirija ndani, au kadibodi iliyofunikwa kwa selotepu. Pua itengenezwe kwa karatasi ngumu, na ndani yake udongo wa kufinyanga kidogo. Hapa ndipo penye somo, na ndipo ninapotumia muda mwingi na kila timu. Roketi ikiwa tupu, mwambie mwanafunzi aitafutie mahali inapokaa sawa juu ya kidole kimoja, atie alama. Kisha aifunge uzi mahali hapo hapo na kuizungusha juu ya kichwa chake, polepole halafu kwa kasi. Ikitangulia na pua, itaruka vizuri. Ikienda kwa ubavu au ikageuka kinyumenyume, itafanya hivyo hivyo angani. Dawa ni mbili: ongeza uzito puani, au ongeza ukubwa wa mapezi nyuma. Wengi hukimbilia mapezi. Waache, halafu waulize kwa nini roketi imekuwa nzito na bado inayumba.

Kiasi cha maji wajaribu wenyewe. Theluthi ya chupa ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini usiwaambie hivyo kabla hawajarusha mara moja. Maji ndiyo yanayotupwa chini ili roketi iende juu, na hewa iliyobanwa ndiyo inayoyatupa; maji yakizidi, hewa inakosa nafasi, na hewa ikizidi, hakuna cha kutupa. Kila timu inapata majaribio matatu kabla ya ule mruko wa mashindano, na sheria ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Atakayebadilisha maji na mapezi kwa pamoja hatajua kipi kimemsaidia, na karatasi yake ya makisio itamuumbua.

Kupima urefu hakuhitaji mashine. Chukua kipimapembe cha darasani, bandika mrija wa soda kwenye ukingo wake ulionyooka, na kutoka katikati ninginiza uzi wenye nati. Mtazamaji anachungulia roketi kupitia mrija, inapofika kileleni anabana uzi kwa kidole, anasoma. Ukisomeka 52, pembe ni 90 kutoa 52, yaani 38. Hii hatua ya kutoa husahaulika sana, iandikeni juu ya fomu kwa herufi kubwa. Mtazamaji akiwa mita 50 kutoka kirushioni, tanjenti ya 38 ni 0.78, mara 50 ni mita 39, ongeza kimo cha macho yake, tuseme mita moja na nusu, unapata 40 na nusu. Wekeni watazamaji wawili, mmoja kila upande wa kirushio kwenye mstari mmoja, na mchukue wastani, kwa sababu roketi ikimwinamia mmoja itaonekana kwake imepaa zaidi, na kwa mwenzake imepungua. Wakitofautiana sana, mruko unarudiwa.

Kuhusu kusimama: watu wote wawe ubavuni mwa upepo, mita 20 au zaidi. Roketi yenye mapezi hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka, jambo linalowashangaza hata walimu wa fizikia, kwa hiyo kule usimweke mtu. Mvuta kamba awe mita 10 na miwani ya kinga. Hesabu ya tatu, mbili, moja isemwe kwa sauti na mtu mmoja tu.

Na mgeni rasmi? Mwalike, lakini mpe saa tano, wakati wa zawadi. Ukimwalika saa mbili atafika saa nne, na vijana wamepigwa jua wakisubiri hotuba huku upepo ukiamka. Mimi humwandikia waziwazi kwenye barua kwamba kurusha kutakuwa kumekwisha. Hakuna aliyenuna bado, wengi hushukuru.

Wakati matokeo yanajumlishwa, mwanachama mmoja azungumze dakika 15 chini ya mwembe, bila projekta. Kwetu hadithi iko mlangoni. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilipaa kutoka pale kwa roketi za Scout. Mojawapo ni Uhuru, ya tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Usiwahubirie tarehe. Waulize: kwa nini hapa? Mwanafunzi mmoja atasema ikweta. Mwulize ikweta inasaidia nini, mpaka wafike kwenye mzunguko wa dunia, kama mita 465 kwa sekunde unazopewa bure ukirusha kuelekea mashariki, na kwamba mashariki ya Ngomeni ni maji matupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu. Kisha watazame tena walivyosimama wao kwenye uwanja.

Nyakati nyingine tunabeba kisanduku cha kadibodi cha sentimita 10 kila upande. Ndio ukubwa wa 1KUNS-PF, satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Visanduku vitatu vikipangwa juu kwa juu unapata umbo la Taifa-1, satelaiti ya Kenya iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Kisanduku kizunguke mikononi mwao wakati unazungumza.

Wakiomba ziara ya Ngomeni, na wataomba, usiahidi papo hapo. Hicho ni kituo kinachofanya kazi, na ruhusa huombwa kwa barua yenye majina ya wote, mapema. Andika wiki hiyo hiyo.

Siku ikiisha, fomu zote zipigwe picha na zirudishwe shuleni, makisio na matokeo yakiwa upande kwa upande, ili mwalimu achore grafu na darasa Jumatatu. Kirushio kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa kama uwanja uko karibu na bahari, oringi itolewe na kupakwa mafuta ya silikoni kidogo. Kamba za plastiki zikatwe na kutupwa, mwakani mtafunga mpya. Na kila chupa iliyoruka itobolewe kabla haijatupwa, kwa maana kuna kijana mahali fulani mwenye pampu ya baba yake anayeitaka.