Jinsi ya kujua kama ugomvi wa mataifa makubwa unaelekea vitani au ni kelele tu

Kila wakubwa wa dunia wakitishiana, pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hukosi mtu wa kukwambia vita ya tatu hiyo imeanza, wiki inayofuata kimya. Kama unataka kufuatilia haya mambo bila presha chukua vita ya kwanza ya dunia, ile ya 1914, uifanye kipimo.

Kwanza achana na matusi ya viongozi, tafuta nani anamuogopa nani. Ujerumani kuanzia 1898 ilijenga manowari kwa fujo, Uingereza ambayo kila kitu chake kinapita baharini ikaona huyu ananitafuta mimi, 1906 ikashusha majini Dreadnought, manowari yake mpya yenye nguvu kuliko za zamani, na mashindano yakazidi. Huku Ujerumani nao wanaiogopa Urusi, maana reli zake zinaongezeka na jeshi linakua, baadhi ya majenerali wakawa wanaona kama ni kupigana bora sasa kuliko baadaye. Ukisikia hiyo lugha ya "bora sasa" shtuka.

Afu chukua karatasi uchore nani kamuahidi nani, hii usiiruke. Austria yuko na Ujerumani, Serbia anamtegemea Urusi, Urusi na Ufaransa wana mkataba toka 1894, Ubelgiji ana ahadi ya Uingereza ya 1839 huko. Ukimaliza kuchora utaelewa ilikuwaje Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, kampiga risasi mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria pale Sarajevo tarehe 28 Juni halafu bara zima likaingia. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wawili, Austria na Serbia.

Sasa njoo kwenye ratiba, na mi naona hapa ndo penyewe. Ujerumani ilikuwa imejipanga kuimaliza Ufaransa haraka kabla Mrusi hajakusanya watu wake, kwa hiyo Urusi ilipoamuru jeshi lote liitwe tarehe 30 Julai, kwa Wajerumani kila siku ya mazungumzo ikawa siku ya hasara. Tarehe 1 Agosti wakatangaza vita na Urusi, tarehe 3 na Ufaransa, tarehe 4 wakaingia Ubelgiji na Uingereza naye huyo ndani. Yaani semi inashuka mlima Kitonga breki hamna, dereva kabaki na honi. Kaisari wa Ujerumani na mfalme wa Urusi walikuwa ndugu wa ukoo, wakatumiana telegramu mpaka dakika za mwisho, wapi.

Kwa hiyo kwenye habari usiulize nani kasema nini, uliza nani kaita askari wa akiba, na je kaacha upenyo wa mwenzake kurudi nyuma bila aibu? Austria iliipa Serbia masaa 48 na masharti ambayo yaliwekwa ili yakataliwe. Linganisha na Cuba 1962, Khrushchev wa Urusi ya Kisovieti akatoa makombora yake huko, Kennedy wa Marekani naye akakubali chinichini kuyatoa ya kwake yaliyokuwa Uturuki, kila mtu akaenda kuwaambia watu wake kashinda.

Na usiseme hayo ya wazungu. Tarehe 9 Septemba 1914, mwezi na siku chache tu, Wajerumani wa Tukuyu (enzi hizo Neu Langenburg) walishavuka kwenda kupigana na Waingereza Karonga, kule Nyasaland (Malawi ya leo). Mei 1916 jenerali Northey wa Uingereza akaingia toka Nyasaland, Agosti Iringa ikawa mikononi mwake, na waliobeba mizigo ya pande zote ni babu zetu, wengi walikufa kwa njaa na magonjwa njiani. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alipita Njombe Oktoba 1918 na kuja kusalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba, wakati Ulaya walishaacha wiki mbili nyuma.

Siku hizi huku inatangulia kufika bei. 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine mbolea ilipaa mpaka serikali ikaleta ruzuku, kwa hiyo mwenye shamba la mahindi au viazi aangalie bei ya mbolea na dizeli kabla ya kusikiliza wachambuzi wa stendi.